Mafundo ya Mama Mkwe kwenye Supu ya Kwaki

Jumatatu, 6 Oktoba
Balaa! Nilipoomba ukuu wa idara ya sayansi niliandika kwenye fomu kwamba mimi ni mtafiti wa kwaki nzito, zile chembe ndogo mno kuliko atomu. Nani angeuliza, hapa Kilindoni, kisiwani Mafia? Leo mkuu wa shule katangaza kwamba Dokta Husna wa chuo kikuu anakuja Alhamisi, na fani yake ndiyo hiyohiyo. Nitatoa mada mbele yake! Mansuri wa kemia, anayekitamani cheo changu, aliniombea heri kwa sauti kubwa mno.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimesoma kwenye simu mpaka macho yananiwasha. Kumbe si vigumu. Viini vya atomu vikigonganishwa kwa kasi ya ajabu, hupatikana supu ya kwaki yenye moto kupindukia. Kipimajoto gani kitaingia humo? Hakuna. Basi wataalamu hutazama jozi za kwaki nzito. Zilizoshikana kwa kulegea huachana mapema, zilizokazana hustahimili. Hesabu zilizobaki, utajua ukali wa supu.

Mpango: sufuria ya uji, na vijiti viwiliviwili vilivyofungwa kamba. Nusu vikazwe, nusu vilegezwe. Nakoroga, vilivyolegea vinaachana, napigiwa makofi. Kufunga nimemwachia mama mkwe, Bi Mize, mkulima wa mwani miaka ishirini. Mimi na mafundo hatupatani.

Jumatano, 8 Oktoba
Bi Mize kaleta jozi arobaini kwenye kapu. Nikampa shikamoo, nikapokea. Sikukagua. Nani anakagua kazi ya mama mkwe?

Alhamisi, 9 Oktoba
Nilikoroga. Haikuachana hata jozi moja! Nikaongeza moto. Nikakoroga kwa mikono miwili, uji ukaruka kwenye shati la mkuu. Arobaini kwa arobaini! Mansuri akauliza kwa upole kama kwaki za Mafia ndizo imara zaidi. Bi Mize, aliyekuja kuona vijiti vyake, akanijibia: fundo likilegea mwani unakwenda na maji, yeye hajawahi kulipiga la namna hiyo, na hataanza leo kwa ajili ya uji.

Nikajiona nimeshavuliwa cheo. Dokta Husna akasimama. Akasema wengi huisahau hatua hii: kwanza onyesha mgongano usiozaa supu, ambamo jozi hazivunjwi, ndipo upate cha kulinganisha. Akausifu uaminifu wangu wa kutoiruka. Alhamdulillahi! Nikasema ndivyo nilivyopanga.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimelala fofofo. Cheo kipo, Mansuri hanisemeshi, raha tupu. Baada ya swala mkuu akauliza nani anayajua mashimo meusi ya angani, maana mwezi ujao kuna mgeni mwingine. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nikamwambia ni utafiti wangu wa zamani.

Nimemwomba mama mkwe kapu lililotoboka, liwe shimo langu jeusi. Amesema analo, ila haoni kuwa ni vizuri kunipa kitu kibovu, atalishona kwanza. Nimemshukuru sana.