Sauti Yangu Kwenye Mashine ya Iride

Ijumaa, 18 Agosti 1961

Bango limebandikwa mlangoni mwa kanisa. Nimelisoma mara nne. Shindano la nyimbo la sikukuu ya Mtakatifu Ruffillo, Jumapili ya tarehe 27, saa kumi jioni, uwanjani. Ila mwaka huu kuna jambo! Anakuja bwana mmoja wa kampuni ya santuri kutoka Bologna, jina lake Gualandi, naye atamrekodi mshindi. Santuri itatiwa kwenye mashine ya Iride.

Iride ndiye mwenye baa. Mashine aliileta mwezi Machi. Unatia sarafu, unabonyeza namba, mkono wa chuma unachagua santuri yako na baa nzima inanyamaza. Tangu ije sina amani. Nina miaka arobaini na sita, na mtu akifa sauti yake inafukiwa naye. Yangu nataka ibaki. Mtu aingie kwa Iride kunywa kahawa yake, atie sarafu, anisikie mimi, Egisto Panzavolta, kinyozi.

Nimeimba shindano hili mara tisa. Mara tisa nimekuwa wa pili. Wa kwanza siku zote ni Bottazzi, mwenye bucha, tunayepakana naye ukuta. Shingo ya ng'ombe, sauti ya ng'ombe. Watu humlilia akiimba. Lakini watu wa hapa hulia hata wakimenya vitunguu, kwa hiyo si kipimo.

Jumapili, 20 Agosti

Nimetunga wimbo wangu. Kazi ya asubuhi moja! Kiitaliano kina huruma na watunzi: maneno yote yanaishia kwa sauti zilezile, unatikisa mti tu vina vinaanguka. Moyo, mapenzi, mwezi, bahari, machozi, busu, kwaheri. Vyote nimeviweka. Bahari mara tatu.

Nimemsomea dada Argia, tunayeishi naye tangu mumewe afariki. Hakuacha kukanda unga. Akasema bahari iko kilomita thelathini kutoka hapa, mara ya mwisho nilipopelekwa nilitapika kwenye basi, na mwanamke ninayemlilia kwenye wimbo hajulikani ni yupi. Nikamweleza kwamba Kiitaliano si lugha ya mambo yaliyotokea. Yaliyotokea tunayasema nyumbani kwa lugha yetu ya hapa. Kiitaliano tunakitoa kama sahani za wageni: kwa padri, kwa askari, na kwa nyimbo. Akaniuliza sasa nani atakula kwenye sahani hizo. Argia hajui sanaa.

Jumatatu, 21 Agosti

Vinyozi hatufungui Jumatatu. Nilikuwa dukani nanoa nyembe nikasikia kitu ukutani. Bottazzi anafanya mazoezi! Amejifungia kwenye chumba chake cha baridi, katikati ya nguruwe waliotundikwa, asisikike. Nikachukua bakuli la sabuni, nikalibandika ukutani, nikatega sikio.

Wimbo wa mwanamke anayeanika mashuka. Basi. Kuna upepo, shuka linamfunika uso, mumewe anamtazama kutoka dirishani na anaogopa kwamba shuka likishuka hatamkuta. Hakuna mwezi. Bahari hata tone. Mapenzi hayakutajwa hata mara moja, kwa Kiitaliano! Nilisimama pale hadi sikio likafa ganzi. Beti mbili na kiitikio nimezishika zote. Ya tatu ilimezwa na mashine ya kusaga nyama.

Ni mzuri. Namchukia.

Nikaenda kanisani kulisoma tena bango, na hapo akili ikanifunguka. Kanuni ya nne: wimbo uwe mpya, usiwe umesikika hadharani kabla ya siku yenyewe. Ukisikika, umetoka. Sihitaji kumshinda Bottazzi. Nahitaji tu asikike.

Jumanne, 22 Agosti

Wateja tisa leo. Mtu mwenye wembe kooni hana budi kusikiliza. Nimeanza na mluzi wakati wa povu, nikaingiza maneno kwenye shavu la kushoto, na kiitikio nikakimaliza kidevuni. Tarishi alinipa hongera kwa furaha niliyo nayo. Aliondoka na baiskeli huku akiupiga mluzi mlima mzima.

Nimemuuliza mpiga akodiani wa bendi, aliyekuja kupunguza nywele, kama ameupenda. Akasema umemgusa, na je, ni wa redioni? Nikasema ndiyo, wa redioni. Akili hizi sijui huwa nazitoa wapi.

Alhamisi, 24 Agosti

Mji mzima! Wanawake kwenye birika la kufulia wanauimba, tena kwa sauti mbili. Mwoka mikate anauimba. Mpiga kengele wa kanisa alijaribu kuupiga saa sita mchana, padri akapanda juu kumshusha. Bottazzi peke yake hajui, kwa sababu kila wakati yumo kwenye baridi lake akifanya mazoezi. Nimecheka hadi nikamkata mteja, kidogo tu, kwenye sikio.

Wakati wa chakula Argia naye alikuwa anauimba huku akigeuza piadina, mkate wetu bapa, kwenye chuma. Akaniuliza nimeutoa wapi. Redioni, nikasema. Akasema redio yetu imekufa tangu Pasaka. Kisha akataka nimwimbie wangu, ule wa bahari tatu. Nikaanza vizuri. Mwezi ukachomoza, sawa. Mstari wa pili sauti ikateleza, sijui imekuwaje, upepo ukavuma na mashuka yakaingia.

Ni koo tu. Nimekunywa maziwa na asali.

Ijumaa, 25 Agosti

Nimeandika barua kwa kamati, kwa Kiitaliano changu kizuri kabisa, maneno marefu tu. Kwamba kuna wimbo unaosikika hadi mnarani mwa kengele. Kwamba nina sababu za kuamini kuwa umo miongoni mwa nyimbo za shindano. Kwamba kanuni ni kanuni. Sikutia jina, mimi si mjinga. Nimeweka sahihi "Mpenda Haki", nikachana karatasi kutoka kwenye kitabu cha dukani na kuipenyeza chini ya mlango wa Bi Zauli wa duka la dawa, ambaye ndiye mwenyekiti.

Nikajaribu tena wimbo wangu. Mashuka. Nikajaribu kwa kuanza na bahari. Mashuka baharini.

Jumamosi, 26 Agosti

Ushindi! Bi Zauli alizifungua bahasha zote za nyimbo zetu mbele ya kamati, akaukuta wa Bottazzi, akausoma kimya, na kusema anasikitika lakini kanuni ya nne iko wazi. Wimbo umetolewa. Ndipo mji ukajua ulikuwa wa nani. Nasikia mwoka mikate alivua kofia.

Alasiri Bottazzi akaja kunyolewa. Miaka kumi na mitano tunapakana na hajawahi kukosa Jumamosi. Nilidhani atavunja kiti. Alikaa, akaegemea, akanipa koo. Nikampaka povu. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa sabuni.

Akasema, "Jirani, huu nilimtungia Dina. Unajua aliugua majira ya baridi yote."

Nikasema najua. Mkewe alilazwa hospitali ya Faenza wiki saba, mji mzima ulijua.

"Mwezi uliopita alisimama uani kwa mara ya kwanza, akaanika shuka. Nikasema nitamwimbia uwanjani. Sasa ndiyo hivyo." Akanyamaza nipitishe wembe juu ya mdomo. "Aliyeueneza simlaani. Leo nimepita kwenye birika la kufulia, wanauimba wote. Ila alikuwa na sikio zuri sana, huyo mtu. Amekosea noti moja tu."

Nikamuuliza ipi.

Akanitazama kwenye kioo muda mrefu. Kisha akaniimbia, polepole, mara mbili, ili niisikie vizuri. Nikamshukuru. Alilipa na kuacha soseji mbili juu ya kaunta kama kila Jumamosi.

Mtu wa ajabu. Hakushuku lolote. Soseji zilinikaa kooni, lakini ni pilipili manga, huwa anatia nyingi.

Jumapili, 27 Agosti

Naandika nikiwa bado nimevaa suti nyeupe. Sitaivua. Ngoja niyaseme kwa mpangilio.

Uwanja ulijaa hadi kwenye madirisha. Bwana Gualandi wa Bologna alikaa kando ya Bi Zauli akijipepea na kofia. Mapacha wazee wa Saviotti waliimba kwanza, kila mmoja wimbo wake kama kawaida yao. Hakuna wa kunitisha. Kwenye kiti cha mbele kabisa alikaa Bottazzi na Dina wake, mwembamba, kashida begani kwenye joto lile.

Nikapanda. Akodiani ikapiga utangulizi wangu, ule wa mwezi. Nikafumba macho. Nikafungua mdomo.

Mashuka.

Nilisikia mwenyewe kwamba ni mashuka. Nilitaka kurudi baharini, naapa, lakini nilikuwa nimekwisha kuwaimbia wateja zaidi ya thelathini kwa siku nne na koo lilikuwa halijui njia nyingine. Yule wa akodiani si mjinga, alinifuata palepale. Na tazama! Uwanja ukaanza kuimba. Wote! Tarishi, mwoka mikate, wanawake wa kufua kwa sauti zao mbili, padri. Mara zote tisa hakuna aliyewahi kuimba nami. Nywele zilinisimama. Hata ile noti niliipiga sawasawa, na uwanja mzima ukajirekebisha kwangu. Nilikuwa nalia na sioni aibu kuandika.

Jambo moja tu sikulielewa: kwa nini wote walikuwa wanatazama kiti cha mbele.

Kiitikio cha pili kikaisha. Nikakumbuka kuwa beti ya tatu siijui. Nikabaki na mdomo wazi. Hapo Bottazzi akasimama pale alipokuwa, hakupanda jukwaani, na akaiimba. Shuka linashuka. Mwanamke yupo. Ndiyo hiyo tu beti yenyewe, hakuna zaidi. Dina alijifunika uso kwa kashida yake. Argia, ambaye hakulia hata kwenye mazishi ya mumewe, alinipokonya leso.

Bi Zauli akapuliza pua, akasimama, akasema Egisto Panzavolta ametolewa kwa kanuni ya nne.

Jumatatu, 28 Agosti

Kikombe wamepewa mapacha wa Saviotti. Hakukuwa na mwingine.

Lakini bwana Gualandi amesema kikombe ni cha kamati, santuri ni yake, na yeye anamrekodi anayetaka. Anamtaka Bottazzi. Alisema ameingia miji arobaini na hajawahi kukuta wimbo mpya ambao mji mzima tayari unaujua kwa moyo. Alimuuliza Bi Zauli nani aliyefanya kazi hiyo ya kuueneza, maana kampuni yake huwalipa watu wa kazi hiyo mshahara. Bi Zauli akamwonyesha barua ya Mpenda Haki.

Argia ndiye aliyenifafanulia. Karatasi za kitabu cha dukani zina mkasi uliochapishwa juu, na maneno "Panzavolta, Nywele na Ndevu". Mji mzima ulijua tangu Jumamosi asubuhi. Bottazzi alijua kabla hajaketi kwenye kiti changu.

Nimekaa muda mrefu nikilifikiria hilo. Alinipa koo lake akijua, na wembe uko mkononi mwangu. Na soseji mbili. Nimefikia uamuzi: ilikuwa dharau.

Ijumaa, 13 Oktoba

Santuri imefika. Namba kumi na saba kwenye mashine ya Iride. Jina lake limechapwa kwa wino mwekundu: Bottazzi. Niliisikiliza nikiwa nimesimama mlangoni, kofia mkononi. Baa ilinyamaza. Mzee mmoja akasema kinyozi wetu aliiimba vizuri zaidi ile noti. Nilimnunulia divai.

Sijakata tamaa! Nina mpango, na huu hauna tundu. Kitu chochote kizuri ukikirudia sana watu wanakichoka. Kwa hiyo kila siku nafunga duka saa sita, naenda kwa Iride na mfuko wa sarafu, natia, nabonyeza kumi na saba. Natia tena. Mara ishirini, mara thelathini. Wiki mbili hivi na mji utatapika ukisikia neno shuka. Nafasi itabaki wazi, nami nitaingia na bahari.

Leo Iride ameniambia, huku akifuta kaunta, kwamba kampuni imempigia simu kutoka Bologna. Wanahesabu. Hakuna santuri inayopigwa hivyo katika mkoa mzima, hata mijini, na wameamua kumwomba Bottazzi wimbo wa pili. Alisema hayo kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa majibu yake. Nikamwambia vizuri sana. Watamchoka mara mbili.

Nimerudi dukani. Ukutani kuna sauti: amejifungia tena na nguruwe wake, anatunga huo wa pili. Kuna mwanamke, kuna sufuria, dirisha limeshika mvuke. Lazima niutoe kwenye shindano la mwaka ujao kabla haujafika mbali. Bakuli la sabuni nimekwisha kuliteremsha kutoka rafuni. Beti ya kwanza nimeishika yote, na kesho ni Jumamosi, nina videvu kumi na viwili.