Lita Milioni Moja za Damu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, waheshimiwa madiwani mliofika na mliotuma udhuru, baba paroko, wachungaji, wazee wetu shikamooni (Marahaba!), madereva wa malori mlioegesha hapa Nyakanazi na mama lishe mnaowashibisha, itifaki imezingatiwa.

Mimi, Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Benki ya Damu tunayoizindua leo, nimehudhuria semina elekezi nne, na huko nimebaini, kwa upembuzi yakinifu, kwamba mtu mzima ana takriban lita tano za damu. Sasa wilaya yetu ina watu wazima laki mbili, zidisha kwa tano, tunayo akiba ya lita milioni moja, imehifadhiwa ndani ya wananchi wenyewe, bila umeme kukatika hata siku moja! (Makofi.) Nani anathubutu kusema hatuna damu?

Tena zaidi ya nusu ya damu hiyo ni plazma, yaani umajimaji wake, na plazma, asilimia tisini ni maji. Kwa hiyo ninyi mnaolalamikia bomba, huduma imewafikia hadi kwenye mishipa. (Kicheko. Mzee mmoja: "Tuyachotee wapi?") Maswali baadaye, mzee wangu. Zipo pia chembe nyekundu, zinazosafirisha hewa bila kudai posho, na chembe nyeupe za ulinzi na usalama, ambazo mimi binafsi nazipongeza.

(Mkulima Fideli Manirakiza anasimama: "Mheshimiwa, mke wangu Bonifasia kajifungua leo asubuhi, yuko kituo cha afya, damu haikomi. Nesi anataka chupa mbili. Nimekuja kuzichukua. Naogopa atanifia.") Ndugu Fideli, hongera kwa mtoto! Chupa mbili kati ya lita milioni moja ni kitu gani? Ziko kwenye mchakato. (Sauti nyingi: "Tutoe sisi! Mikono hii hapa!") Tulieni jamani, sindano na mifuko vipo, kwenye mpango kazi.

Damu ni uhai! (Uhai!) Benki yetu, fahari yetu! (Mikono bado imenyooshwa.)

Namalizia kwa shukrani: kwa Celestini, aliyetuchorea kibao, kwa mama Eustakia wa mgahawa, aliyetuazima friji la soda, alichukue sasa hivi maana wateja wanamsubiri, na kwa mwenye gesti, aliyetuachia chumba namba tatu mpaka saa kumi, ndicho hicho mlichokiona kimefungwa utepe. Fideli, unakimbilia wapi? Picha ya pamoja bado.