Chemchemi Kumi na Nne Zisizo na Nambari

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi ni moja. Madamu Adoch, mkuu wa ofisi, ametutangazia asubuhi, bila hata kukaa: Ijumaa ya tarehe 14 kila mmoja ataonyesha kazi yake, na mmoja ataajiriwa. Tuko wawili. Mimi, Loice, shahada ya takwimu, daraja la juu. Na Otema, ambaye ana buti.

Sisemi kwa dharau. Buti ni za baba yake, polisi mstaafu, na Otema anazivaa na kutembea. Hiyo ndiyo mbinu yake yote. Ofisi yetu, vyumba viwili hapa Lubaga, inashughulika na ramani huria, ile ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuifungua na kuisahihisha. Kila kitu juu yake ni nukta, na kila nukta ina lebo: hiki ni nini, kinaitwaje, nambari yake ngapi. Otema ametembea miezi miwili akiweka chemchemi za maji za Kibuli. Arobaini! Mimi nitafanya nini? Lazima liwe jambo lisilohitaji buti.

Nikikosa, Mjomba Sylvanus ananingoja Busia. Kaunta ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Misumari kwa kilo. Ameshanishonea aproni.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata!

Kuna ofisi ya maji inayopima chemchemi na kuweka matokeo kwenye tovuti yake. Kila chemchemi ukurasa wake. Ajabu ni kwamba ukurasa hauna jina la mahali. Una nambari tu, na hukumu: YANAFAA KUNYWA, au HAYAFAI. Nambari hiyohiyo imepakwa rangi ukutani, penye chemchemi yenyewe. Na Otema, kwa buti zake, ameinakili kwenye lebo.

Ramani inajua chemchemi iko wapi, lakini haijui maji yakoje. Ukurasa unajua maji yakoje, lakini haujui uko wapi. Wameishi mji mmoja miaka yote hii bila kusalimiana. Kanuni yangu ni mstari mmoja tu: chukua nambari kwenye lebo, ibandike mwishoni mwa anwani ya tovuti, tayari una kiungo. Gusa nukta, ukurasa unafunguka. Nimeigusa chemchemi ya 9 mara thelathini. Je, ukurasa unajua kwamba kuna kitu kinauelekea? Au kiungo ni kama kumpenda mtu kanisani, upande mmoja tu ndio una habari?

Nilikuwa bado kwenye swali hili Shangazi Celestine, ambaye naishi kwake Kibuli, aliporudi kutoka misa ya Majivu, na majivu kwenye paji la uso. Akauliza kama mimi nimepakwa yangu au siku hizi naabudu simu.

Alhamisi, 6 Machi

Dosari. Kati ya chemchemi arobaini, kumi na nne hazina nambari. Nimemwuliza Otema kwa upole. Akasema hakuona nambari. Nikamwuliza kama aliangalia vizuri. Akasema Madamu alitufundisha siku ya kwanza kabisa: usichokiona, acha wazi. Akarudi kwenye muhogo wake.

Acha wazi! Nani anaweza kulala na matundu kumi na manne kwenye jedwali? Nimeyakazia macho. Ya 17 iko juu mlimani. Ya 19 iko chini yake. Katikati kuna moja isiyo na kitu. Itakuwa ngapi kama si 18? Nimefuata mteremko na kujaza zote kabla ya chai ya saa kumi. Ya 18 ndiyo iliyo nyuma ya kibanda cha Shangazi, anapoteka maji. Ya mwisho bondeni, karibu na mtaro, imekuwa 23. Viungo arobaini, vyote vinafunguka. Uzuri ulioje.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake, mapumziko. Siku ya kufaa kuonyesha kazi ya mwanamke.

Shangazi anauza chai, chapati na juisi ya pasheni karibu na nyumba za polisi. Mwezi huu ni Ramadhani na nusu ya Kibuli imefunga, kwa hiyo mchana anawategemea polisi peke yao. Nimesimama mbele yao nikaomba dakika mbili. Nikamwambia Sajini Okwir afungue ramani kwenye simu yake na kuigusa chemchemi iliyo nyuma yetu, ajue anakunywa nini. Akagusa. Akasoma. Akaiweka glasi ya juisi chini taratibu, kama mtu anayetua bomu.

"Mama Ogutu," akamwambia Shangazi, "hii simu inasema maji yako iko mbaya."

HAYAFAI. Nilikuwa sijausoma ukurasa huo. Nilikuwa nimeshughulika na kuufungua. Shangazi akasema simu haijawahi kuteka maji. Akasema anateka hapo mwaka wa kumi na moja, na mwanawe Ogutu aliyanywa hayohayo na sasa anainama akipita mlangoni. Mimi, kwa uaminifu wa kitaaluma, nikasema takwimu hazina shangazi.

Ningeweza kulisema siku nyingine. Kufikia saa saba benchi lilikuwa tupu. Jioni tumekula chapati. Kesho tutakula chapati.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi hanisemeshi. Anazungumza na sufuria, na mimi nasikiliza.

Lakini kanuni inayojeruhi ndiyo hiyohiyo inayotibu! Ya 23, ile ya bondeni: YANAFAA KUNYWA. Nimebeba madumu mawili mwenyewe kupanda mlima, nikayaweka mbele ya wateja waliotoka misa, nikawatangazia. Hakuna aliyesogea. Okwir akakunja mikono.

"Kunywa wewe kwanza, profesa."

Nimekunywa. Kikombe kizima, bila kuchemsha, mtu asije akasema kazi imefanywa na moto. Kisha cha pili. Yana ladha ya chuma, na nyuma ya chuma kuna ladha nyingine laini, ya maua. Ya kuvutia. Okwir akaagiza chai, akisisitiza ichemke mbele ya macho yake. Wawili wengine wakamfuata. Shangazi hakunitazama, ila alinisogezea kiti.

Jumatatu, 10 Machi

Paa la choo chetu lina misumari thelathini na minane. Nimeihesabu mara nne.

Nikiwa humo nimepata ujumbe. Mtu aitwaye Kakule, wa Butembo, anayejitolea kupitia mabadiliko ya ramani ya upande wetu. Ameandika: "Jambo dada Loice. Niko naona uliongeza nambari kumi na ine saa moja tu. Ulizisoma wapi? Mimi si polisi, naomba tu chanzo." Nikamjibu kwamba chanzo ni mantiki. Akajibu kwamba Butembo pia wana mantiki nyingi, na kwa sababu yake kuna barabara tatu kwenye ramani zinazopita katikati ya vyumba vya watu.

Ningemjibu vikali. Tumbo halikuniruhusu.

Jumatano, 12 Machi

Otema amekuja kunijulia hali na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji. Nilidhani amekuja kufurahi. Kumbe amepita tena kwenye zote kumi na nne, kwa miguu, jana. Hakuna nambari hata moja. Akamwuliza Bi Lailah wa kamati ya chemchemi, naye akamweleza: nambari hupakwa siku ya kupimwa. Isiyopimwa haipakwi. Ya 18 na ya 23 za kweli ziko mitaa mingine, na kurasa nilizozifungua ni zao.

Kwa hiyo tundu halikuwa tundu. Lilikuwa jibu! Hakuna nambari maana yake hakuna anayejua maji hayo yakoje. Nimelala nikilitazama wazo hili kutoka kila upande. Nani angefikiri kwamba nafasi tupu inaweza kubeba habari kuliko nafasi iliyojaa?

Akiwa mlangoni akageuka. "Dada, ile ya bondeni, watu wa pale wanafulia nguo tu."

Maua yale yalikuwa sabuni.

Amenishauri nimwambie Madamu kabla ya Ijumaa. Nimesema nitafikiri. Nimefikiri. Ijumaa nitagusa zile ishirini na sita zenye nambari za ukutani tu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimegusa ya 9. Imefunguka. Ya 12, ya 17. Madamu Adoch ameegemea mbele; hajawahi kuegemea mbele. Kisha akasema niiguse ile ya bondeni Kibuli, kwa sababu dada yake anakaa karibu nayo.

Nimeigusa. Hakuna kilichofunguka. Nukta tupu. Kakule alikuwa ameziondoa nambari zote kumi na nne alfajiri na kuacha maelezo: hazikusomwa ukutani. Madamu ameyasoma kwa sauti. Akaniuliza ni nani aliyezijaza, na kama kuna mtu ameyanywa maji hayo. Tumbo langu likajibu kabla yangu, wakasikia hadi chumba cha pili.

Otema amezungumza dakika nne. Amesema kiungo ni wazo langu na ni wazo zuri. Amesema zile kumi na nne zilizo wazi ni orodha ya chemchemi zisizopimwa, ameipeleka kwenye ofisi ya maji, na watakuja Jumatatu na chupa zao. Kisha akakaa.

Kazi ni yake. Nilitaka kumchukia nikakosa pa kuanzia.

Mimi nimeongezewa mwezi mmoja wa majaribio. Madamu amesema, "Kanuni yako ni nzuri, Loice. Macho yako ndiyo bado hayajaajiriwa." Nimepewa mtaa wa Luzira, kwa miguu. Maduka ya dawa kumi na matatu: nisome mlangoni kila moja linafunguliwa saa ngapi, niandike kwenye lebo. Nikiandika hata moja ambayo sikuiona, atanisindikiza mwenyewe hadi kwenye basi la Busia.

Alhamisi, 20 Machi

Maji ya Shangazi yamepimwa. Safi. Polisi wamerudi, na Okwir anamwita Shangazi "daktari." Shangazi ananisemesha tena, hasa kuhusu vyombo.

Leo Luzira, tangu asubuhi. Nimesimama mbele ya milango kumi, nimesoma kumi, nimeandika kumi. Ni kazi ya ajabu, kutazama. Mtu anaona mengi. Kwa mfano, nimeona kwamba yote kumi yanafunguliwa saa mbili kamili.

Matatu yamebaki, chini kabisa kuelekea bandarini. Wingu limeshuka hadi kwenye paa. Nimejikinga kwenye baraza la duka la kumi na kutafakari kwa makini, kwa sababu sitaki kurudia kosa. Na hili si kosa lile. Chemchemi ni maji tu, hayana desturi. Wauza dawa ni watu, na watu wa mtaa mmoja huigana. Nina ushahidi wa milango kumi, niliyoiona kwa macho haya haya. Huyo wa kumi na moja atajitenga na wenzake kwa sababu gani?

Nimeandika saa mbili, saa mbili, saa mbili. Nimefika nyumbani mkavu.