Nukta Nyekundu ya Matroni

Laptopu ya Mama Isaka ilisikika kabla ya kuonekana. Aliileta ikiwa imewashwa, ameiegemeza kifuani juu ya kanga, ili fundi aisikie mwenyewe, kama mtu anavyomwahisha mtoto hospitali angali analia. Feni ilinguruma hadi muuza vitunguu wa stendi ya Kiomboi akageuka kutazama kama kuna mashine ya kusaga imehamia jirani.

Chediel hakugeuka. Mjanja wa kweli hamkimbilii mteja. Humwacha afike akiwa ameshachoka. Alikuwa na meza moja, mwavuli mmoja, bisibisi yenye mpini wa njano aliyoipenda kuliko baadhi ya ndugu zake, na bango lililosema FUNDI BINGWA WA KOMPYUTA, SIMU NA MENGINEYO. Riziki yake ilitoka kwenye hayo mengineyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii inazimika. Nikifika ukurasa wa tatu inachemka kama kikaango, halafu kimya. Na Ijumaa nakabidhi mitihani ya shule sita za kata. Nisipokabidhi, kazi wanampa Gerald wa steshenari, na Gerald akishika kitu haachii."

Mama Isaka alikuwa matroni mstaafu wa bweni la wasichana. Siku hizi aliishi Kinampanda na kujikimu kwa kuchapa: ratiba za mazishi, kadi za harusi na, kubwa kuliko yote, mitihani ya kata. Mitihani ikienda kwa Gerald, angebaki na maharusi na marehemu tu, na Kinampanda watu hawaoi wala hawafi kwa ratiba.

Chediel aliweka kiganja chini ya laptopu, akafumba macho.

"Mama, joto hili si la juu. Ni la ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani kabisa. Prosesa imechoka. Ina umri gani?"

"Isaka aliinunua akiwa chuo. Sasa ana watoto wawili."

"Unaona. Hii nayo ingekuwa mtu, ingeshapata wajukuu."

Akaifungua. Vumbi lililokuwemo lingetosha tuta moja la mchicha. Lakini chini ya vumbi Chediel aliona neema: RAM mbili kubwa na diski ya kisasa, vyote vinang'aa. Kila kimoja kilikuwa na nukta ndogo nyekundu pembeni.

"Isaka alikuja Krismasi akaiongezea vitu," mama alisema. "Mimi hata sivijui."

Chediel aliziangalia zile nukta, akaamua ni alama za kiwandani.

Hapa msomaji aliyelala bwenini anaombwa asimame dakika moja kwa heshima. Chediel alisoma kutwa. Kila jioni alirudi nyumbani kwa mama yake, ambako kijiko kilikuwa kijiko tu, na hakuna aliyekiiba. Hiyo ni kasoro katika elimu ya mtu, na hakuna mtihani wa marudio.

Walipatana jogoo mmoja na lita tatu za mafuta ya alizeti. Chediel alianza na majogoo wawili, lakini mama alimtazama kwa namna ambayo jogoo wa pili aliondoka mwenyewe.

Sasa tumtendee haki: vumbi alilitoa. Kisha alichomoa zile RAM mbili, akaweka moja ndogo kutoka kwenye laptopu iliyokufa zamani. Alihamishia mafaili kwenye diski kuukuu, akaichukua ile mpya. Mwisho aliingia kwenye mipangilio, akaiamuru prosesa isitumie hata nusu ya nguvu zake. Kitu kisichofanya kazi hakipati joto. Ndiyo maana mwanafunzi wa dawati la nyuma hatoki jasho.

Jumatano mama aliipapasa, akaikuta baridi, akatoa jogoo, mafuta akayaahidi baadaye.

Nyumbani aliiwasha, akafungua mtihani wa Hisabati wa darasa la nne. Wakati unafunguka, alichambua mchele, akaosha, akabandika. Mtihani ulipotokea, wali ulikuwa umekauka maji. Mama Isaka alichukua kisu chenye ncha, akalegeza skrubu kama alivyomwona fundi, akachungulia ndani. Alitafuta kitu sehemu tatu. Hakukiona hata sehemu moja. Akafunga, akala wali wake bila haraka.

Alhamisi asubuhi alikuwa tena mbele ya meza ya Chediel, uso umejaa baraka.

"Mwanangu, umeiponya. Imepoa kama mtungi."

"Mama, si nilikwambia?"

"Sasa lipo jambo. Kikundi chetu cha akina mama kina laptopu kumi na moja za mradi, zipo stoo. Isaka aliziongezea vitu zote, kama hii. Na zote zinachemka."

Chediel alimeza mate.

"Ila mwenyekiti wetu, Severina, anataka kwanza aone moja ya mfano. Na hii yangu, kupoa imepoa, lakini inatembea kama imebeba kuni. Akiiona hivi, zote atampelekea Gerald."

"Gerald hajui kitu."

"Ndivyo nilivyomwambia. Nikamwambia Chediel ndiye."

Kuku hakamatwi kwa fimbo, humwagiwa mtama. Chediel alimwaga. Alirudisha RAM zote mbili na diski, akaiachia prosesa nguvu zake zote. Akaongeza feni mpya aliyokuwa ameiagiza Dodoma. Akapaka prosesa ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto, ya bei mbaya, aliyokuwa akiipima kama dhahabu. Na juu ya yote akatoa pambo la meza yake, kibao cha kupozea chenye feni mbili na taa za bluu. Alimaliza kabla ya saa sita. Laptopu ilifunguka kabla mama hajavaa miwani.

"Jumamosi njoo Kinampanda," mama alisema. "Njoo na viroba."

Ijumaa mitihani ya shule sita ilikabidhiwa mapema, kurasa zote, na Gerald alisikia habari hizo kwa uchungu.

Jumamosi Chediel alishuka kwenye bodaboda na viroba viwili vitupu. Walimkalisha, wakampa ugali wa mtama na mlenda. Akina mama watano walikaa wakimtazama anavyokula. Alipokwisha kunawa, Mama Isaka aliweka laptopu mezani.

"Niazime bisibisi yako, mwanangu."

Aliifungua mwenyewe, akamgeuzia Severina.

"Hizo nukta ni rangi yangu ya kucha. Miaka ishirini na nane bwenini sikuwahi kununua kitu nisikitie nukta. Ndoo, kijiko, ndala, hata sabuni. Isaka alipoweka hivi vidude, nilivitia. Jumatano nukta hazikuwepo. Alhamisi zimerudi. Chediel, zilikwenda wapi kutembea?"

Chediel alipekua majibu kichwani. Kila jibu alilolipata lilikuwa na polisi ndani yake.

"Na zile kumi na moja?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Zile na uaminifu wako vipo stoo moja," alisema Severina.

"Mama, ulinidanganya."

"Kidogo. Jogoo umeshamla?"

"Nimeshamla."

"Basi ndiyo ujira wako, mafuta yanabaki kwangu. Tumemalizana."

Akatoa kichupa mfukoni, akakitikisa. Akatia nukta kwenye feni mpya. Akatia kwenye kibao cha kupozea, karibu na taa ya bluu. Alifunga skrubu zote, akamrudishia bisibisi kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na Severina akamsindikiza hadi barabarani amekumbatia viroba vyake.

Chediel alifika mezani kwake saa tisa. Mteja alikuwa anangoja na simu iliyovunjika kioo. Chediel akachomoa bisibisi, na hapo akaiona: kwenye mpini wa njano, nukta nyekundu, imeshakauka.

Aliifuta kwa petroli. Ikabaki. Akaikwangua kwa wembe, akakwangua hadi mpini, doa likabaki. Tangu siku hiyo Mama Isaka akipita stendi na kofia yake ya jua, Chediel huifunika ile bisibisi kwa kiganja na kumwamkia mapema, tangu mbali. Bisibisi ni yake, aliinunua mwenyewe. Lakini matroni akiamua kuidai, mji mzima utaangalia mpini.