Riba Imepanda na Nina Grafu

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya benki. Riba ya mkopo wa nyumba imepanda tena! Tukikosa rejesho la mwezi huu, nyumba inapelekwa mnadani. Mke wangu kasoma, kakunja, kaniuliza ni nani aliyechagua riba ya kupanda na kushuka. Uchokozi mtupu. Anajua ni mimi. Kaka yake, yaani shemeji yangu, alichagua riba isiyobadilika, na leo kapiga simu kutupa pole. Pole gani ile! Nilimsikia akitafuna.

Mke ana suluhisho: tupangishe chumba cha mbele. Ofisi yangu! Na mpangaji keshampata, fundi wa lifti wa kazini kwao, mgeni kutoka nchi jirani. Nimesema ng'o. Nimepiga meza. Chai imemwagikia barua.

Jumanne, 4 Machi

Jibu nimelipata bafuni. Riba inapanda kwa nini? Watu wanamiminika nchini, wanagombania nyumba, benki zinanusa harufu ya njaa yao, zinabana. Mtoto wa chekechea angeelewa. Nikaingia tovuti ya idara ya takwimu. Majedwali ya bure! Nimepakua la uhamiaji na la riba za mikopo ya nyumba. Mstari mwekundu watu, wa bluu riba.

Mwanzoni mistari ilileta ukaidi. Nikabana vipimo vya kulia, nikavuta vya kushoto, nikafuta miaka miwili iliyokuwa na kiburi. Sasa inapanda bega kwa bega. Damu imenichemka. Kumbe fundi wa lifti ndiye anayenipandishia riba! Kupandisha si ndiyo kazi yake? Halafu anataka na chumba!

Mpango: Ijumaa naipeleka grafu benki. Wakiona kosa si langu, watanirudishia riba ya zamani. Watake wasitake.

Jumatano, 5 Machi

Fundi kaja kuona chumba. Kaniamkia shikamoo. Mimi nina umri gani? Nikamwekea grafu mbele ya pua. Akaitazama muda mrefu, akauliza yeye yuko wapi humo. Nikamwonyesha kileleni kabisa. Akasema kumbe amefika juu, mama yake atafurahi. Mke wangu kacheka mpaka kashika mlango. Nimekula peke yangu kwa hasira.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya aibu. Aibu yao, si yangu.

Shemeji katupeleka kwa gari lake, akajiingiza mpaka ndani bila kualikwa. Afisa mikopo, mama mwenye miwani ya mnyororo, kaitazama grafu yangu, kisha kageukia jedwali nililoambatanisha. Akasoma kwa sauti kichwa cha safu: "Waliohama." Akaniuliza kama najua maana yake. Nikamwambia mimi Kiswahili nimezaliwa nacho. Akaweka kalamu kwenye safu ya pili. "Waliohamia."

Herufi moja! Ka-“i” kamoja kadogo! Nani anapanga safu hizo zikae ubavu kwa ubavu kama mapacha? Nilikuwa nimewachora wanaoondoka. Grafu yangu ikawa inatangaza kwamba watu wakiondoka zaidi, riba inapanda zaidi. Shemeji kakohoa cheko lake kwenye leso. Ningemrukia.

Sikutetereka. Nikasema vizuri sana, basi serikali iwazuie wasiondoke, na benki inishushie riba leo hii. Mama yule akasema mistari miwili kupanda pamoja haina maana kwamba mmoja unauvuta mwenzake. Kisha akanipuuza, akamuuliza mke wangu rejesho litatoka wapi. Mke wangu akafungua mkoba, akatoa mkataba wa upangaji. Umeshasainiwa! Kodi ya miezi mitatu mbele! Wakapeana mikono. Nyumba imepona, na hakuna hata mmoja aliyeniomba nakala ya grafu.

Jumapili, 9 Machi

Fundi kahamia. Meza yangu iko kwenye ujia, kando ya friji. Mtu akitaka maji, sharti nisimame. Na fundi ndiye aliyeibeba, peke yake, huku akiniambia nisijisumbue. Sijawahi kuchukia adabu kiasi hiki.

Lakini sikulala. Makosa yalikuwa ya jedwali, si ya akili yangu. Leo nimepakua jingine: idadi ya ndoa kwa mwaka. Safu moja tu, hakuna cha mapacha. Nikabana kidogo kulia, nikavuta kidogo kushoto. Loo! Ndoa na riba, sako kwa bako! Na mwaka tuliooana sisi, mstari unaruka juu kama uliochomwa sindano.

Kumbe adui nimekuwa nikila naye meza moja. Nimeichapisha grafu kwa rangi, kurasa mbili. Mke wangu yuko jikoni. Naenda kumwonyesha sasa hivi.