Ngao ya Kucha Kumi

Mjini walimwita Sabuni, kwa sababu hakuna mkono uliowahi kumshika akashikika. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kwenye ngazi za jengo la maduka, mfuko mtupu na tumbo linamnung'unikia, alipoona wanawake watatu wakishuka kutoka saluni ya ghorofani. Kucha zao za bandia zilikuwa ndefu, nyekundu, zinameta kama gari jipya. Ila wa kwanza alikuwa anavipuliza vidole, wa pili anavikuna, na wa tatu amevigandamiza kwenye chupa ya soda baridi.

"Bado vinawaka?"

"Kama nimeshika pilipili, shoga. Lakini si unaona zilivyokaa?"

"Mimi narudi wiki ijayo."

Sabuni akasimama. Mtu anayeungua, akalipa, na bado akaapa kurudi! Kwa watu wa fani yake, hiyo si habari. Hiyo ni adhana.

Kesho yake alipanda ngazi zilezile amevaa koti jeupe aliloliazima kwa binamu yake muuza nyama (alilifua mara tatu, na doa moja la ukaidi akalifunika kwa kalamu ya mfukoni), miwani ya kioo kitupu, na begi la vichupa. Ndani ya vichupa mlikuwa na maji ya waridi, tone la rangi ya bluu, na ujasiri.

Saluni ilikuwa ya Mama Vioo, mwanamke aliyependa faida kuliko usingizi. Kuta zilijaa vioo, hewa ilijaa harufu inayochokonoa pua, na pembeni lilikaa dumu la njano lisilo na jina wala lebo. Humo ndimo ilimokaa dawa ya maji ya kukorogea unga wa kucha, aliyoinunua kwa bei ya kutupa kwa mtu asiyejulikana. Kwenye meza ya dirishani alikaa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye kila mtu alimwita Fundi. Alivaa glavu na barakoa, maana baada ya miaka ishirini ya kazi vidole vyake vilikuwa vimeanza kupasuka.

"Mama," alisema Sabuni akiinamisha kichwa, "wateja wako wanakuna."

"Uzuri una gharama."

"Na wakichoka kuilipa?" Akachomoa kichupa, akakishika kwa vidole viwili kama yai. "Hii ni Ngao. Matone mawili kila kidole kabla ya kazi. Ngozi inalala, muwasho unapita njia nyingine."

Mama Vioo akanusa. "Imetengenezwa na nini?"

"Mama, ningekuambia, lakini maabara wangenifukuza."

Maabara yenyewe ilikuwa sufuria ya mama yake mdogo. Mama Vioo, ambaye angebishana na muuza nyanya mpaka nyanya zioze, akanunua begi zima.

Sabuni alikuwa amefika katikati ya ngazi aliposikia viatu nyuma yake.

"Kaka daktari," Fundi alisema, barakoa kidevuni. "Maji ya waridi ya duka la pale kona, au la kule sokoni?"

Sabuni akapima umbali wa kufika barabarani.

"Usikimbie, sikusemi. Ila hiyo dawa yako haina masharti. Dawa isiyo na masharti nani ataiamini? Wiki hii watawashwa tena, na wewe utatafutwa."

"Unataka nini, dada?"

"Nusu. Na urudi sasa hivi ukaseme ninayokuambia."

Basi akarudi, akakohoa kidaktari, na kutoa masharti. Ngao haielewani na dumu la njano. Dumu litolewe, inunuliwe dawa ya chupa yenye lebo na jina la mtengenezaji. Ngao haitaki kucha ya asili isagwe kwa tupa mpaka iwe nyembamba kama ganda la kitunguu. Ifutwe mng'aro tu. Brashi isilowe chepechepe. Dawa isiguse ngozi hata kidogo, iachwe nafasi ya unywele kati ya kucha na nyama, na ikigusa ifutwe papo hapo. Mteja akisema kunachoma, kazi isimame, kucha zitolewe. Na dirisha lifunguliwe, jamani, watu wapumue.

Mama Vioo aliandika yote nyuma ya kalenda. Miaka mitatu wifi yake alikuwa anamwambia maneno hayohayo, naye akimjibu, "Wifi, usinifundishe biashara." Lakini Fundi hakuwa na koti jeupe.

Ngao ikafanya kazi! Sabuni mwenyewe alishangaa. Wiki ikapita, mwezi ukapita, vidole vikatulia. Wateja wakaleta dada zao, dada wakaleta mama wakwe. Kila Ijumaa Sabuni alileta begi jipya, na kwa mara ya kwanza maishani akanunua kitu halisi: saa ya mkononi, ya dhahabu kweli, yenye risiti. Usiku aliiweka chini ya mto. Ilifika mahali akaanza kuyaonea heshima maji ya waridi.

Mwezi wa tatu Mama Vioo akamwita. Mezani palikuwa na bahasha nene kama tofali.

"Daktari, nataka kununua siri yenyewe ya kuchanganya. Niwe nayo mimi tu. Lakini kitu kikubwa hivi sinunui kwa maneno. Lile dumu bado liko stoo. Nikuwekee kucha kumi kwa mkono wangu, bila sharti hata moja, Ngao yako peke yake. Ukikaa saa nzima bila kukuna, bahasha ni yako."

Sabuni akamtazama Fundi. Fundi akavua glavu polepole.

"Mimi kazi ya namna hiyo siifanyi," alisema. "Dawa kama hiyo mwili ukishaikataa, unaikataa maisha. Kaka, kama una neno la kusema, liseme sasa."

Neno alikuwa nalo. Lakini na bahasha ilikuwepo, tena imenona.

"Ngao ni Ngao," alisema, akaketi.

"Vua saa, isije ikachafuka," alisema Mama Vioo kwa upole wa kutisha.

Alisaga kama anayekwangua sufuria iliyoungua. Alimwaga dawa mpaka ikatiririka kwenye ngozi. Dakika ya kumi vidole vya Sabuni vikaanza kupata joto. Ya ishirini vilikuwa vinapiga ngoma. Ya arobaini machozi yalimtoka, na wateja walipouliza akasema ni furaha ya kisayansi. Alikalia mikono. Aliimba kimoyomoyo. Aliwafikiria wajanja wote waliowahi kuishi, akawaomba wamtie nguvu. Saa ilipotimia alikuwa ameloa jasho, lakini hakuwa amekuna.

Mama Vioo akakubali kushindwa. Kwa kuwa kwa kucha ndefu zile Sabuni hakuweza kushika hata karatasi, Fundi alimtilia bahasha kwenye mfuko wa koti, akaupigapiga mfuko, akasema, "Na saa yako nimekuwekea humo humo." Sabuni alitoka mbio bila kuaga, na bila kukumbuka kwamba nusu ilikuwa ya mtu.

Nyuma ya jengo aliichana bahasha kwa meno. Ndani mlikuwa na vipande vya kalenda ya zamani, vimekatwa vizuri. Saa haikuwemo.

Angekwenda zake, lakini vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi, na kila alipojaribu kuzing'oa zile kucha aliona nyota. Akapanda ngazi. Wifi wawili walikuwa wanamsubiri, kiti kimeshavutwa.

"Wiki ya pili tu vichupa vyako vilianguka vikapasuka vyote," Mama Vioo alieleza, saa ya dhahabu ikimeta mkononi mwake. "Siku hiyo tukafanya kazi bila Ngao. Hakuna aliyewashwa. Nikamuuliza wifi yangu, akaniambia kila kitu. Nikamwomba radhi, sasa saluni ni ya wote wawili. Mengine yote tulikuwa tunakungoja unone."

"Na saa yangu?"

"Saa gani?"

Fundi alivaa glavu mpya, akamfunga vidole kwa pamba yenye asetoni na karatasi ya foili, akangoja nusu saa nzima bila kulazimisha. Kucha zikatoka laini, moja moja. "Usiiguse tena dawa hii maishani mwako," alisema. "Na koti liache. Limetuzoea."

Sabuni alishuka ngazi na vidole kumi vyekundu, bila koti, bila saa. Chini alikutana na mwanamke anayekuna.

"Daktari! Ngao bado unayo? Mimi nawekewa kucha saluni ya jirani, naungua!"

Alifungua mdomo, na kwa kuwa hakuwa na chochote cha kumuuzia, yakamtoka ya kweli: lebo, tupa, brashi, nafasi ya unywele, dirisha. Yote, bila kuficha.

"Kiasi gani?" aliuliza yule mama.

"Bure. Maji yale hayakuwa kitu. Fuata hayo tu."

Mwanamke akarudi nyuma hatua mbili, akakumbatia mkoba wake.

"Bure?" alisema. "Tapeli mkubwa wewe!"