Nimemtunza Mkwe Jukwaani

Jamani, leo nimejiaibisha mchana kweupe, mbele ya wakwe. Naandika nikiwa kitandani, blanketi hadi puani, na simu nimeizima sauti kwa sababu binti yangu hajaacha kunitumia vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

Afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjahadithiwa na wengine.

Mnajua Neema wangu amepata mchumba. Kijana anaitwa Ryan, mzaliwa wa hapa hapa Kanada, mpole, anakula ugali wangu na kuomba nyongeza. Mimi nimeshampitisha. Lililobaki lilikuwa upande wao, na leo ndiyo nilikuwa nakutana na wazazi wake kwa mara ya kwanza. Wiki nzima sijalala vizuri. Baba Neema alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo huku ng'ambo mimi ndiye baba, mimi ndiye mama, mimi ndiye ukoo mzima. Nikiboronga mimi, mtoto wangu ndiye anayeonekana katoka kwa watu wa ajabu.

Sasa, Baba Ryan ni mpiga muziki wa kantri. Alikuwa fundi bomba, amestaafu, na siku za Jumamosi mchana anapiga na bendi yake kwenye ukumbi mmoja kule Etobicoke. Wakatualika tuje tumsikilize, halafu twende kula pamoja.

Neema alianza kunipa masharti tangu nyumbani, Crescent Town, nikiwa bado natafuta hereni.

"Mama, please. Vigelegele, no."

"Hata kimoja?"

"Not even one. And don't ask his mom why she stopped at one kid."

Nikakubali yote. (Hilo la pili liliniuma, maana swali nilikuwa nimeshaliandaa.) Lakini naomba ieleweke vizuri: katika masharti yake yote, Neema hakutaja kutunza. Hakutaja kabisa.

Nikavaa lile gauni langu la kitenge lenye mikono mipana. Wenye kulijua wanalijua. Nikiinua mkono mmoja, meza nzima inapata kivuli.

Tukafika. Ukumbi umejaa wazee wa Kizungu, mabuti, kofia pana, mabakuli ya bisi mezani. Mama Ryan alikuwa ametuwekea viti mbele kabisa. Mwanamke mwembamba, nywele nyeupe fupi, mnyoofu kama mwalimu wa zamu. Akaninyooshea mkono. Mimi nilikuwa nimeshafungua mikono yote miwili nimkumbatie. Tukakutana katikati, kitu ambacho hakikuwa salamu ya kwetu wala ya kwao.

"Mume wangu ni yule aliyekaa pembeni," akaniambia.

Nikaangalia. Nikamwona mzee mmoja ameinama mbele ya kitu chenye miguu minne, chembamba, kirefu.

"Na gitaa lake liko wapi?"

"Ndilo hilo."

Ndugu zangu, mimi nilidhani ni meza ya kupigia pasi. (Nashukuru sikusema. Nilikaribia sana kusema.) Ryan, aliyekuwa amekaa kando ya Neema, akanieleza kwamba linaitwa gitaa la stili. Linalazwa, nyuzi zinatazama juu, mpigaji anateleza juu yake na kipande cha chuma mkono wa kushoto, na mkono wa kulia anazicharaza. Chini kuna pedali za kukanyaga, na kwenye magoti kuna vyuma vya kusukuma huku na huku. Yaani mtu anafanya kazi mwili mzima halafu amekaa ametulia kama anayengoja basi.

Muziki ukaanza. Nilikuwa nimejiandalia tabasamu la kuvumilia, lile tunalolitumia kwenye vikao virefu. Mwimbaji alikuwa jamaa mmoja mrefu mwenye kofia nyeupe. Akaimba, sawa, sauti anayo. Nikatikisa kichwa kwa heshima.

Halafu lile gitaa likalia.

Sijui niwaelezeje. Halikupigwa, lililia. Sauti ilianza chini, ikapanda taratibu bila kuruka ngazi hata moja, ikafika juu ikatetemeka, kisha ikashuka ikivuta pumzi kama mtoto aliyechoka kulia. Nywele za mikono zikanisimama. Mimi nimekulia Tanga, jirani na ukumbi wa taarab, na fidla nimezisikia kabla sijajua kusoma. Nilidhani nimeshamaliza kusikia vyombo vinavyolia. Kumbe kulikuwa na kimoja kinanisubiri Etobicoke, kinapigwa na fundi bomba.

Tabasamu la kuvumilia likayeyuka. Nikawa nafurahi kwa dhati, jamani. Kila wimbo nilikuwa nangoja mwimbaji anyamaze ili mkwe apate nafasi. Naye hakuwa mtu wa kujitangaza. Mwimbaji akisema neno la kuumiza, yeye nyuma yake anamjibu kidogo tu, kisha anampisha. Anajaza pale pasipo na maneno. Hainui hata kichwa.

Na hapo ndipo hasira ikaanza kunipanda. Kila wimbo ukiisha, mwenye kofia anainama, watu wanampigia makofi yeye. Aliyetutoa machozi yuko pembeni, karibu na mlango wa chooni, hakuna hata anayemtazama.

Nikamnong'oneza Mama Ryan, "Huwa watu hawaendi pale mbele kumpongeza?"

"Hapana. Wanapiga makofi."

"Na wewe?"

"Mimi ni mke wake," akasema, kama vile hilo ndilo jibu.

Kwa ambao hamkukulia kwenye mambo haya: kwetu mpiga muziki akikugusa, hukai kitini. Unainuka na noti yako, unaishika juu watu waione, unakwenda kwa mwendo wa madaha, na ukifika unambandika kwenye paji la uso. Huko ndiko kutunza. Ukimwacha mtu akulize bure, umemdharau. Na huyu hakuwa mtu baki. Huyu ni mkwe.

Ukaja wimbo wa polepole, wa mtu aliyeachwa na mkewe. Mwimbaji akaimba beti mbili, akanyamaza, na Baba Ryan akaachiwa ukumbi peke yake. Nilivumilia kidogo. Nilijishika kiti. Machozi yalipofika kidevuni, mkono ukaingia kwenye pochi wenyewe.

Neema akaniona.

"Mama. No. Mama, sit down."

Miguu ilikuwa imeshaondoka.

Nikaenda kama ninavyojua kwenda. Noti juu, bega la kulia, bega la kushoto, hatua mbili, natulia, hatua mbili. Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikajua wamevutiwa. Bibi mmoja akanigusa mkono kwa huruma, akanionyesha mlango: "Choo ni pale, mpenzi." Nikampungia, nikaendelea.

Nikapanda jukwaani. Ni kingazi kimoja tu. Baba Ryan macho yako kwenye nyuzi, hana habari. Nikambandika.

Noti ikateleza. Ikashuka puani, nikaidaka.

Wenzangu, tatizo mnalijua. Noti ya kwetu ni ya karatasi, ikikuta jasho inatulia. Noti ya Kanada ni plastiki. Na Baba Ryan hakuwa na jasho hata tone. Anawaua watu kwa huzuni, yeye mwenyewe amepoa. Nikabandika tena, safari hii nikaikandamiza kwa kiganja.

Hapo akainua macho. Yale macho nitakufa nayo. Lakini angefanya nini? Mikono ina kazi, miguu iko kwenye pedali, magoti yanasukuma vyuma. Hana hata kiungo kimoja cha kujitetea. Akaendelea kupiga, nami nimemkandamiza kichwa. Neema anasema kutoka mezani nilionekana kama mchungaji anayemtoa mtu pepo.

Nikaondoa kiganja. Noti ikadondoka kwenye nyuzi, katikati ya kile kilio, na gitaa likakohoa.

Nikainama niitoe haraka. Ndipo mkono wa gauni ukanasa kwenye zile funguo za kukazia nyuzi. Nikavuta. Gitaa likatoa mlio wa ng'ombe anayekataa kuingia zizini. Nikavuta tena, likarudia. Mpiga besi akaacha. Wa gitaa la kawaida akaacha. Wa ngoma ndiye aliyeacha mwisho, kwa sababu alikuwa amefumba macho.

Mimi nimeinama, nimenaswa, kifua changu kiko begani kwa mkwe niliyekuwa bado hata sijasalimiana naye.

Mwenye kofia akauliza kwenye kipaza sauti, "Mama, uko salama?"

Nikamwona Mama Ryan anainuka mezani na kuja, mnyoofu vilevile. Nikasema moyoni, harusi imekufa. Nimemwulia mwanangu harusi kwa noti moja. Nikataka kujieleza kabla hajafika, lakini Kiingereza changu chote kilikimbia, na kilichobaki kikapita kwenye kipaza sauti ukumbi mzima ukasikia:

"Mumeo nampa pesa tu!"

(Naomba msirudie kuisoma hiyo sentensi.)

Mama Ryan akafika. Akashika mkono wa gauni langu, akaanza kuunasua, ufunguo mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Kisha akauliza, "Kwa nini?"

Sikuwa na cha kuficha tena. Nikamwambia, "Kwa sababu ameniliza. Kwetu mtu akikuliza hivi, ukibaki umekaa umemkosea adabu."

Kipaza sauti kilikuwa hapo hapo, na hilo nalo likasikika. Hakuna aliyecheka. Baba Ryan akaitoa noti kwenye nyuzi, akaitazama kama hajawahi kuona noti ya nchi yake.

"Miaka yote hii," akasema, "watu wanaokuja huku pembeni huwa wanakwenda chooni."

Akajaribu kujibandika mwenyewe. Ikaanguka. Akajaribu tena, ikaanguka. Mama Ryan akamtazama mumewe kwa muda, akaichukua ile noti, akaichovya kwenye glasi ya bia ya mpiga besi, na pa! akampiga nayo kwenye paji la uso. Ikaganda. Halafu akambusu juu ya noti.

Ukumbi uliinuka wote. Sijui nani alianza, lakini mara nikaona wazee wanapanga foleni, mabuti yao, kofia zao, kila mmoja na noti anaichovya kwenye kinywaji chake. Na wimbo ukarudiwa tangu mwanzo. Baba Ryan alipiga akiwa amebandikwa mpaka kwenye nyusi, haoni hata nyuzi, na nawaapia hakukosea hata mahali pamoja. Lile gitaa lililia, naye chini ya zile noti alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, kamasi na kila kitu.

Mwenye kofia akasogea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na mimi je?"

"Wewe subiri," nikamwambia. "Leo ni ya huyu."

Neema akaja akaniegemea begani, macho mekundu. "Okay, Mama," akaninong'oneza. "Kimoja." Nikapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka uwanja wa ndege.

Chakulani Mama Ryan alikaa karibu nami, ananimiminia chai, ananiuliza kama siku ya harusi noti zinachovywa kwenye maji au kwenye soda. Nikapata ujasiri, nikamwuliza kama nimeharibu.

"Neema tumempenda tangu siku ya kwanza," akasema. "Wewe ndiye tuliyekuwa tunakuogopa. Ryan alituambia mama yake Neema ni mkali, tuvae vizuri na tusiongee ovyo."

Yaani wao nao walikuwa wamepewa masharti. Tulicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tunahitaji msaada. (Na swali la mtoto mmoja sikuuliza. Naomba nipewe sifa zangu kwa hilo.)

Nikarudi nyumbani najiona nimeshinda. Nimevua viatu, nimejinyoosha, simu ikaita. Kaka yangu, anapiga kutoka Tanga. Huyu ndiye mjomba wa Neema, na ndiye atakayekaa na upande wa pili kuzungumza mahari. Kule ni usiku wa manane, ameamka makusudi. Neema alikuwa ametupia video kwenye kundi la ukoo.

"Dada, huyo mzee unayembandika noti ni nani?"

"Baba yake Ryan."

Nikamsikia anaketi kitandani.

"Yaani upande wa mwanaume?"

"Ndiyo, kaka."

"Upande wa mwanaume ndio wanaoleta, dada. Wewe umewapelekea. Na umekwenda unacheza."

Nimekata simu, nimejifunika. Basi anayetaka kucheka acheke taratibu, kwa sababu katika ukoo wetu wote mimi ndiye mama wa kwanza kumlipia binti yake mahari mwenyewe, na nikaibandika kwenye paji la uso la mpokeaji.